Mtaro wa Tata

Katika Kigusii, "baba" ni mama. Nilijua hivyo kabla sijajua lugha nyingine yoyote, na ndiyo sababu katika insha yangu ya kwanza ya Kiswahili, darasa la tatu, niliandika kwamba baba alininyonyesha mpaka nilipoweza kutembea. Mwalimu, ambaye naye alikuwa Mgusii na angeweza kunionea huruma, aliisoma insha ile kwa sauti mbele ya darasa zima. Yule mzazi mwingine, mwenye ndevu, tulimwita "tata". Mama naye alimwita hivyo hivyo, kwa kuwa wanawake wa rika lake hawakutaja majina ya waume zao ovyo. Basi nyumbani kwetu tulikuwa na tata mmoja tu, na kila mtu alijua ni nani.

Kila mtu isipokuwa mimi, siku moja, nikiwa na daftari mkononi.

Kwetu ni upande wa Gesima, kwenye mteremko wa chai. Juu kidogo ya nyumba ya mama kuna tuta la udongo lenye umbo la mwezi mchanga. Linamfika mtu mzima kiunoni, na limevaa nyasi na vichaka ambavyo hakuna aliyewahi kuvifyeka akavimaliza. Pale palikuwa egesarate, kambi ambamo vijana wa zamani walilala na ng'ombe wa ukoo mzima ili maadui wasije kuwachukua. Wanawake walipeleka chakula, wakakiweka mlangoni, wakarudi nyumbani. Serikali ya Mzungu ilipokuja ilizifunga kambi hizo, vijana wakaambiwa warudi kwa mama zao, na wazee wanasema hapo ndipo utundu wote wa siku hizi ulipoanzia. Kambi yetu ilibaki tuta. Nusu yake, maana nusu ya chini ilikwisha kuliwa na majembe kabla sijazaliwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa naandika tasnifu ya shahada ya pili kuhusu kambi hizo, na nilihitaji duara. Nusu duara haimpi mtu shahada. Nilipima tuta kwa hatua, nikachora, nikashuka mteremko nikitafuta mahali ambapo mstari wangu ungepita ili urudi ulikoanzia. Karibu na pembe ya kushoto ya nyumba ya mama nikaona mtaro. Ulikuwa umejipinda vizuri sana, kama uliokuwa ukinisubiri. Mama alikuwa hapo akichuma mboga.

"Mtaro huu ulichimbwa na nani?" nikamuuliza.

"Tata," akasema, bila kuinua kichwa.

Nikaandika: "Mtoa habari anasema mtaro ulichimbwa na mababu."

Nataka nijitetee kidogo, kwa kuwa hakuna mwingine atakayejitolea. Mgusii anaweza kumwita "tata" mzee yeyote wa heshima, hata aliyekufa kabla ya reli kufika Kisumu. Neno lenyewe liliniruhusu. Lakini mimi nilikuwa mwanawe, sikuwa mtalii. Ningeuliza, "Tata yupi?" mama angeniambia kwamba ni baba yangu mzazi, mwaka ule mvua ilipoingia chumbani na mimi nilikuwa shule ya bweni. Sikuuliza. Baba alikuwa ameshazikwa, hakuweza kunisahihisha, na mimi nilikuwa na haraka ya kupata duara.

Nikalipata. Ofisi ya mambo ya kale ikasoma tasnifu yangu, jambo ambalo hata msimamizi wangu sina hakika kama alilifanya. Wakaja na ramani, wakapiga vigingi vya saruji kuzunguka eneo lote, na kigingi kimoja kikaangukia hatua chache kutoka pembe ya nyumba ya mama. Ukasimamishwa ubao: Eneo limehifadhiwa. Usichimbe, usijenge, usilime. Bustani yake ya mboga, chinsaga na managu, ikawa ndani ya kambi ya kale. Aliihamishia nyuma ya nyumba, penye kivuli, ambako mboga zilitoka nyembamba na chungu kuliko kawaida, na kila niliporudi nyumbani alinipakulia hizo hizo.

Baba mdogo, ndugu wa mwisho wa baba yangu, aliajiriwa kuwa mlinzi wa mahali hapo. Walimpa koti la kijani na buti. Alilivaa koti lile hata kanisani siku ya Sabato, mpaka mzee wa kanisa alipomwambia kwamba mbinguni hakuna kambi za kulinda.

Mwaka juzi mama akaanza kuvimba miguu. Moyo, daktari alisema, na alilisema kwa namna ambayo haikuhitaji tafsiri. Nilikuwa nikitoka Mosocho, ninakoishi, kila Ijumaa mchana, ili nikae naye mpaka Jumapili. Ijumaa moja nilimkuta ameketi mlangoni, uso ukielekea nje, kama anayehesabu kitu uwanjani.

"Simama hapa nilipo," akaniambia. "Tazama nje. Mkono wako wa kulia yuko nani?"

"Tata," nikasema. Kaburi la baba liko kulia, kama kaburi la kila mwanamume mwenye nyumba.

"Na wa kushoto?"

Kushoto kulikuwa na kigingi, na nyuma yake nyasi ambazo zamani zilikuwa mboga zake.

"Mwanamke hulala kushoto kwa nyumba yake," akasema. "Wewe mwenyewe umeyaandika hayo kwenye vitabu. Sasa kushoto kwangu ni kwa serikali. Tangu dunia iumbwe, mwanamke hajawahi kulala ndani ya egesarate. Mimi mwanangu amenitafutia nafasi huko, nikalale na wavulana."

"Baba," nikasema, na kwa Kigusii hilo lilikuwa sahihi kabisa, "bado hujafika huko."

"Sikukuuliza kama nimefika. Nimekuuliza nitalala wapi."

Hilo ndilo lililokuwa swali, na halikuwa na ugumu wowote. Mama alitaka kaburi mahali ambapo kila mwanamke mwenye nyumba yake hulipata bila kuomba. Kilichomzuia ni mstari nilioupitisha mimi, kwa sababu ya neno moja alilonipa yeye na nililolitafsiri mimi. Dawa yake ilikuwa barua ya aya mbili: mtaro ule si wa kale, ulichimbwa na baba yangu mzazi kuzuia maji, naomba vigingi virudishwe juu. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angeiandika kwa dakika kumi, na makosa yake.

Sikuiandika. Wiki ya kwanza nilikuwa nasahihisha mitihani. Wiki ya pili nilikumbuka kwamba makala yangu mawili yamesimama juu ya duara lile, na kwamba chuoni kuna mwenzangu mmoja ambaye angefurahi kupita kiasi. Wiki ya tatu nilimwendea baba mdogo, nikitumaini atanipa njia ambayo haihitaji karatasi.

Nilimkuta kwenye tuta, amelivaa koti lake, akimfukuza mbuzi.

"Ule mtaro," nikaanza.

"Ah, mtaro." Akacheka. "Nilikuwa nimeshika sururu upande ule wa chini. Baba yako alishika koleo. Tulichimba siku mbili, mama yako akatupikia uji."

"Sasa kwa nini hukusema walipokuja?"

"Wewe kwa nini hukusema?"

"Mimi sikujua!"

"Na mimi nilikuwa sijavaa koti," akasema. "Prof, nikamwambie afisa kwamba kijana wetu aliyesoma hajui mtaro wa baba yake? Halafu wafunge safari, warudi kwao na koti? Hapana. Nilinyamaza kwa heshima yako."

Aliniita Prof tangu nilipopata kazi chuoni. Sijafika cheo hicho, na sasa sitafika, lakini kijijini nilishapandishwa.

Baba mdogo akafikiri, akiwa ameshika fimbo yake, kisha akasema kwamba tatizo ni dogo. Nyumba ina pande mbili, na zote mbili hutegemea mlango. Tukiuziba mlango wa mbele tukatoboa mwingine ukutani nyuma, mtu akisimama hapo akitazama nje, kushoto kwake kunakuwa kule kulikokuwa kulia. Kule hakuna kigingi. Mama atapumzika kushoto kwa mlango wake mpya, na serikali itabaki na kambi yake.

Nitakiri kwamba nilifurahi. Nilienda nikapima ukuta wa nyuma. Nilikuwa nimeanza kutafuta fundi wa Birongo aliyejenga jiko la dada yangu nilipofikiria kumweleza mama.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na baba yenu?"

"Yeye amelala pale pale."

"Kulia kwa mlango wa zamani. Ambako kutakuwa kushoto kwa mlango wenu mpya." Akaniangalia kama alivyoniangalia siku niliporudi na insha yangu ya darasa la tatu. "Mnataka kumgeuza awe mwanamke. Mwanamume aliyelala miaka yote hii akijua yeye ni mwenye nyumba, aamke siku ya ufufuo ajikute upande wa wanawake. Ni nani aliyewaza hilo? Ni shemeji yangu?"

"Tuliwaza pamoja."

"Mwambie shemeji yangu aanze na nyumba yake."

Akacheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikakaa muda mrefu kuliko kicheko. Nilimshika bega. Lilikuwa jepesi, kama koti lililotundikwa bila mtu ndani. Alipopata pumzi akasema taratibu, "Mwanangu, waambie tu ukweli. Ni mtaro. Hakuna mtu atakayekufa kwa sababu ya mtaro."

Barua niliiandika Jumatatu iliyofuata. Niliipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya mambo ya kale mjini Kisii. Afisa alikuwa mama mmoja wa makamo aliyetoka mbali na kwetu, mwenye Kiswahili kilichonyooka kiasi kwamba mimi, mhadhiri mzima, nilijisikia kama niliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Aliisoma barua mara mbili.

"Kwa hiyo mwalimu, wewe ndiye uliyesema ni mtaro wa kale, na wewe ndiye unayesema si wa kale."

"Ndiyo, madamu."

"Na katikati ya hayo mawili kumetokea nini?"

"Mama yangu ni mgonjwa," nikasema.

Ilikuwa kweli, na mara tu niliposema nikaona jinsi ilivyosikika. Akaikunja barua kwa uangalifu. Hakuwa mtu mbaya. Akaeleza kwamba eneo likishatangazwa halipunguzwi kwa barua. Mtu lazima afike, apime, aandike ripoti, na ripoti ipelekwe juu. Akasema mvua zikipungua watapanga safari. Akasema pia, akiniangalia moja kwa moja, kwamba mpaka hapo sheria ni ile iliyo kwenye ubao.

Mvua hazikupungua. Milima ya Nyamira haina desturi ya kufuata ratiba za ofisi. Nilipiga simu, nikaambiwa gari lina kazi nyingine. Nilipiga tena, nikaambiwa afisa yuko likizo. Mama aliacha kuniuliza, na hilo lilikuwa gumu kuliko maswali. Jioni za Ijumaa aliketi mlangoni akikabili uwanja, na mimi niliketi nyuma yake, ili nisione anachokitazama.

Alifariki siku ya Jumatatu alfajiri, katika kitanda chake, na dada yangu akiwa naye. Mimi nilikuwa Mosocho. Ningeweza kusema nilikuwa nikiandika barua nyingine, lakini nilikuwa nimelala.

Mazishi yalipangwa Alhamisi. Jumatano tuliketi uwanjani, wanaume wa ukoo, kuamua mahali. Wengine walitaka tumzike chini kwenye chai, nje kabisa ya vigingi, tuombe radhi. Dada yangu, ambaye kwa desturi hakutakiwa kusema pale, alisema kutoka jikoni kwa sauti iliyofika kwa wote kwamba mama hakuwa mchuma chai wa kuzikwa kwenye mistari. Kisha wote wakamtazama baba mdogo, kwa sababu ndiye mlinzi, na kazi yake ilikuwa kuripoti mtu yeyote atakayepiga sururu upande ule.

Baba mdogo akasimama. Akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti chake. Halafu akaketi kando, juu ya jiwe.

"Mlinzi hayupo," akasema.

Asubuhi ya Alhamisi wachimbaji wanne wakaanza, vijana wa majirani wanaochimba makaburi yote ya kijiji na ambao huchimba wakitaniana.

"Prof, twende futi ngapi? Au kipimo utakitafuta kwenye kitabu?"

"Sita."

"Ongea na baba mdogo wako, si ndiye mlinzi, atupunguzie mawe humu!"

Udongo wetu ni mwekundu. Ukichimba unapata mwekundu, na chini yake mwekundu zaidi. Walipofika mapajani sauti ya sururu ikabadilika, ikawa kama inayoingia kwenye unga. Wakaanza kutupa udongo wa kijivu. Kijivu laini, chenye weupe ndani yake, mkanda mnene uliokaa sawasawa pande zote nne za shimo kama mstari uliopigwa kwa rula. Pamoja nao vikatoka vipande vya mifupa, na kigae cha chungu chenye mistari iliyochorwa kwa kamba.

Nilijua nilichokuwa nikikiona kabla hakijagusa nyasi. Nilikuwa nimekisoma kwa miaka mingi: samadi ya ng'ombe iliyorundikwa msimu baada ya msimu, ikaungua, ikawa jivu, ikafunikwa na mvua. Ng'ombe wengi walilala hapo, na watu walikula hapo. Mtaro ulikuwa wa baba yangu, lakini kambi ilikuwa imefika hapo kweli, na ikaupita. Ramani yangu ilikuwa sahihi. Barua yangu, kitu pekee cha kweli nilichopata kuiandikia ofisi ile, ilikuwa imewapotosha.

Wachimbaji wakasimama. Mmoja wao alikuwa ameweka mguu wake pembeni, mbali na ule udongo.

"Hii ni nini, Prof? Kuna mtu humu?"

Baba mdogo akaja akasimama kando yangu, akachungulia. 

Sheria iko wazi, na nimeifundisha. Ukikuta kitu cha namna ile unasimamisha kazi, unafunika, unaita ofisi. Ofisi ambayo mvua zikipungua ingetafuta gari. Jeneza lilikuwa tayari sebuleni, mlango ukiwa wazi. Wanawake wa kanisa walikuwa wameanza kuimba. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimesimama mbele ya ushahidi wangu mwenyewe, mzima, haujaguswa na mtu, na kilichobaki ni kwenda chini zaidi ya nusu ya kimo cha mtu.

"Ni jivu la jikoni," nikasema. "Mama alikuwa akimwaga hapa. Chimbeni."

Walinitazama. Kina cha jivu lile kingehitaji mama apike kwa miaka mia mbili. Lakini mimi ndiye niliyesoma, na wakachimba. Kigae nilikiokota, nikakifuta kwa kidole gumba, nikaona alama za kucha za mtu aliyekifinyanga. Nilikuwa na mfuko wa koti. Nikakirudisha kwenye lundo, na mchana lundo lote likarudi shimoni juu ya mama.

Afisa alikuja baada ya miezi mitatu, jua likiwa limewaka, akiwa na dereva na mkanda wa kupimia. Akakuta kaburi limeshaota nyasi. Alilitazama kwa muda, akatoa pole ya kweli, wala hakuniuliza ni nani aliyetoa ruhusa. Akakagua mtaro, akauliza maswali, na baba mdogo akamweleza kuhusu sururu, koleo na uji, siku mbili zote. Akaandika. Akasema inaonekana barua yangu ilikuwa ya haki, na kwamba si wasomi wengi wanaokuja wenyewe kusema wamekosea. Nilitamani aseme kitu kingine chochote.

"Swali la mwisho tu, kwa ajili ya ripoti," akasema. "Mlipochimba kaburi, hamkukuta kitu? Vigae, mifupa, jivu?"

Nilijua kwamba nikisema ndiyo, shimo lile lingechimbwa tena, na safari hii kwa brashi.

"Udongo tu, madamu."

Aliandika hilo pia. Akanipa kalamu, nikatia sahihi. Akaturuhusu tung'oe vigingi vya chini siku hiyo hiyo, na akarudi kwenye gari kupanga karatasi zake.

Baba mdogo alileta mtaimbo. Alikitikisa kigingi kilichokuwa karibu na kaburi, kikalegea, tukakivuta pamoja. Kilitoka na udongo mwekundu ulioshikana nacho, na mwishoni kabisa, pale saruji ilipokuwa imezama zaidi, ulikuwa wa kijivu. Alikitazama. Akageuka kuangalia gari. Kisha akakilaza nyasini, ile ncha ya kijivu akaifunika kwa buti lake, akaisugua na nyasi mpaka ikatakata, na akaniambia tuende kwenye kigingi cha pili kabla madamu hajamaliza kuandika.